Taa za gari la zamani: Tafuta umeme ulikopotelea kabla ya kukata waya



Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, jua halina desturi ya kuaga kwa muda mrefu. Likishatua, haipiti hata saa nzima giza limeshatanda, na hali ni hiyo hiyo Januari hadi Desemba. Dereva aliyekuwa akiiona barabara vizuri saa kumi na mbili jioni, kufika saa mbili kasoro anategemea kabisa vioo viwili vya mviringo vilivyo mbele ya gari lake. Barabara zetu nyingi hazina taa za njiani. Kando yake wanapita watoto waliotumwa dukani, mama mwenye mzigo wa kuni, baiskeli isiyo na taa nyuma, na ng'ombe aliyechelewa kurudi zizini. Wote hao hawajui kama taa zako ni nzima au ni mbovu. Wanakuamini tu.

Kwa sababu hiyo leo nimeona tuzungumze juu ya taa kubwa za mbele, hasa za magari ya zamani, na namna ya kuzifungua na kuzitengeneza nyaya zake. Mfano wangu utakuwa Land Rover ya Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1961 hadi 1971. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, magari hayo hayajatoweka kwetu. Utayakuta shambani, utayakuta misheni, na utayakuta kwa wazee wanaoyatunza kama mboni ya jicho. Pili, nyaya zake ni chache na mpangilio wake unaeleweka. Ukiuelewa huo, magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule hayatakusumbua.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu, mwenye gari la aina hiyo. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, sijui macho yangu ndiyo yamezeeka au taa ndizo zilizozeeka. Usiku naona kama naendesha kwa kibatari." Nikamuuliza, "Mzee wangu, umeshafanya nini mpaka sasa?" Akanieleza kwamba amekwisha kubadilisha balbu mara mbili. Fundi wa gereji moja alimuuzia za kawaida, na zilipokataa kung'aa akamuuzia nyingine za wati 100. Mwanga haukuongezeka kwa maana yoyote. Kilichoongezeka ni harufu ya plastiki inayoungua karibu na swichi.

Nilikwenda kwake na mita ya umeme. Tuliwasha taa, tukapima kwenye betri: volti 12.4. Tukapima nyuma ya taa yenyewe, ikiwa inawaka: volti 9.7. Maana yake volti 2.7 zilikuwa zinapotelea njiani, baina ya betri na taa. Unaweza kudhani volti mbili na nusu ni kitu kidogo. La hasha. Uzi wa balbu una tabia ya kudai haki yake yote. Ukiupunguzia volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake hupungua kwa karibu theluthi moja. Kwa volti 9.7, mzee yule alikuwa anapata chini ya nusu ya mwanga aliostahili.

Sasa tupige hesabu ya barabarani. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiona kitu, hupita sekunde moja na nusu kabla mguu haujakanyaga breki sawasawa. Hapo mita 25 zimeshakwenda. Kwa breki za gari la zamani, ongeza mita nyingine kama 28 mpaka lisimame. Jumla ni zaidi ya mita 50. Kama taa zako zinamulika mita 35 tu, basi hizo mita 15 na zaidi zilizobaki unakwenda kwa kudra ya Mungu, na mtoto aliyetumwa dukani yumo humo.

Ndugu msikilizaji, umeme unapotelea wapi? Hebu tuufuate safari yake. Unatoka kwenye betri kwa waya wa rangi ya kahawia hadi kwenye swichi ya taa iliyo kwenye dashibodi. Kutoka hapo unashuka kwa waya wa buluu hadi kwenye swichi ya dimu, ambayo katika gari hili iko sakafuni na hubonyezwa kwa mguu wa kushoto. Hapo njia inagawanyika. Waya wa buluu wenye mstari mweupe unakwenda kwenye taa za fulu, na waya wa buluu wenye mstari mwekundu unakwenda kwenye taa za dimu. Ukishapita ndani ya balbu, umeme lazima urudi kwenye betri. Unarudi kwa waya mweusi ambao mafundi huuita ethi. Waya huo umefungwa kwa skrubu kwenye bati la gari, na kutoka hapo mwili wa gari wenyewe ndio unaokuwa njia ya kurudia.

Katika safari hiyo yote kuna viungio vingi. Viungio vya Kiingereza vya zamani ni vichwa vidogo vya shaba vinavyochomekwa ndani ya kifuko cha mpira. Vilipokuwa vipya vilibana vizuri. Baada ya miaka 50 na zaidi ya vumbi, mvua na mtikisiko, vimelegea na kuota kutu ya kijani. Kila kiungio kinakula volti kidogo, na wanyang'anyi kumi wa senti kumi kumi humaliza shilingi nzima.

Waingereza wenyewe wana utani juu ya Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ya Birmingham ndiyo iliyotengeneza taa na swichi za magari yao mengi. Wanamwita Mwana wa Mfalme wa Giza. Ni utani mzuri, lakini mimi naona haki haitendeki kamili. Kifaa kilichofanya kazi miaka 50 bila kusafishwa viungio vyake hakistahili lawama zote.

Tena Land Rover ina jambo lake la pekee. Bati la mwili wake ni la mchanganyiko wa aluminiamu, lakini chesisi yake ni ya chuma, na skrubu nyingi ni za chuma. Aluminiamu na chuma vikikutana mahali penye unyevu huanza kulana, na katikati yake hutokea unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Mwenye gari huona taa hafifu mbele, kumbe ugonjwa uko chini ya skrubu ndogo ya ethi ambayo hakuna aliyeigusa tangu gari liletwe kwa meli. Kwa yule mzee, kati ya zile volti 2.7 zilizopotea, 1.9 zilipotelea kwenye njia ya kurudi. Balbu aliyokuwa akiilaumu haikuwa na kosa lolote.

Kabla hujashika spana, basi, uliza gari lenyewe. Washa taa uone linajibu nini. Kama taa moja tu haiwaki au ni hafifu kuliko mwenzake, angalia balbu ya upande huo, plagi yake na ethi yake. Kama fulu zote mbili zinawaka lakini dimu zote hazipo, mtuhumiwa ni swichi ya sakafuni au waya wenye mstari mwekundu. Kama zote haziwaki kabisa, rudi kwenye swichi ya dashibodi na waya wa buluu usio na mstari. Ukiwasha taa kubwa ukaona na taa ndogo au ya indiketa ya upande huo inawaka kwa mbali, hiyo ni dalili kubwa ya ethi mbovu. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, sasa unapita uani kwa jirani. Na kama taa ni hafifu gari likiwa sailensa lakini zinang'aa ukikanyaga mafuta, tazama kwanza betri na dainamo. Dainamo za zamani hutoa umeme kidogo sana injini inapozunguka polepole.

Kipimo cha mita kinafanywa taa zikiwa zimewaka na plagi ikiwa imechomekwa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wengi huchomoa plagi, wakapima, wakaona volti 12, wakatangaza kwamba waya ni mzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu ndani yake utakuonyesha volti 12 pia, maana hakuna mzigo. Mpe mzigo ndipo umjue mpagazi.

Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kile kisichofungwa kwenye mwili wa gari, na nyingine kwenye pini ya nyuma ya taa inayoleta umeme. Namba utakayoona ndiyo hasara ya njia ya kwenda. Ikizidi nusu volti, kuna jambo. Halafu weka ncha moja kwenye pini ya waya mweusi na nyingine kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye mwili wa gari. Hiyo ndiyo hasara ya njia ya kurudi. Ikizidi robo volti, ethi yako inaumwa.

Huna mita? Chukua kipande cha waya mnene. Kiunge baina ya pini ya ethi ya taa na kichwa cha betri cha upande wa mwili wa gari. Kama taa inashtuka na kung'aa, umeshampata mwizi bila gharama.

Tukishajua ugonjwa uko wapi, ndipo tunafungua. Kwanza kabla ya yote, simamisha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, washa taa, na uweke alama za chaki pale mwanga unapopiga. Alama hizo zitakusaidia mwishoni.

Halafu ondoa betri. Hapa pana mtego. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalifungwa upande chanya wa betri kwenye mwili wa gari, kinyume na magari ya leo. Series IIA za mwanzo zilikuwa hivyo, za mwisho zikabadilishwa. Kwa hiyo usiende kwa mazoea. Fuata kwa macho waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chesisi. Huo ndio wa kufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, uwe chanya au hasi. Sababu yake ni rahisi. Ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa bati, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Ukianza na wa mwili wa gari, spana ikigusa bati hakuna kitu, maana vyote viwili ni kitu kimoja. Ukishaufungua huo, njia ya kurudi imekatika na unaweza kufanya kazi kwa amani.

Sasa njoo kwenye taa. Ondoa ukingo wa nje. Ndani yake utaona skrubu tatu ndogo zinazoshikilia ukingo wa pili. Hizo ndizo za kulegeza. Utaona pia skrubu mbili zenye springi, moja juu na moja pembeni. Hizo usiziguse, kwa sababu kazi yake ni kuelekeza taa, na ukizizungusha utamulika miti au macho ya wenzako. Taa ikitoka, ishike kwa mkono mmoja, na uchomoe plagi ya pini tatu kwa kushika plagi yenyewe. Usivute nyaya.

Futa nyaya kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka rangi zake zionekane. Funga kikaratasi kwenye kila waya, uandike unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha chora mchoro wako hata kama si mzuri. Waya ambao hujaujua kazi yake usiukate. Haraka ya kukata huzaa kazi ya juma zima.

Viungio vya shaba vilivyo na kutu visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae. Vilivyolegea viondoe na uweke vipya. Penye waya uliooza, menya ganda lake. Kama shaba ya ndani imekuwa nyeusi au kijani, kata nyuma zaidi mpaka uikute inang'aa, maana risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba iliyooza. Unganisha kwa kubana terminali vizuri au kwa kulehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Ile desturi ya kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia utepe mweusi ndiyo inayotuletea maradhi haya. Gundi ya utepe huyeyuka kwa joto la injini, maji yanaingia, na baada ya masika mawili uko pale pale.

Kwenye ethi, usirudishe skrubu ya zamani ukaridhika. Sugua bati mpaka ling'ae, kaza, upake grisi juu kuzuia maji. Vizuri zaidi, vuta waya mpya mnene kutoka kwenye pini ya ethi ya kila taa hadi mahali pamoja kwenye chesisi, pale waya wa betri ulipofungwa. Kwa kufanya hivyo umeiondoa aluminiamu katika njia. Gharama yake ni mita chache za waya.

Ndugu msikilizaji, liko jambo moja la hatari ambalo wengi hawalijui. Katika magari haya taa kubwa hazina fyuzi. Waundaji walifanya hivyo kwa makusudi, ili fyuzi moja ikikatika usiku taa zote zisizimike kwa pamoja. Hoja yao ilikuwa na maana waya ulipokuwa mpya. Leo, waya wa buluu uliochubuka mahali unapopenya kwenye bati ukigusa mwili wa gari, hakuna cha kuuzuia umeme wa betri nzima kupita. Waya utakuwa mwekundu kama kaa, na jirani yake ni bomba la petroli. Kwa hiyo kila tundu la bati linalopitisha nyaya hakikisha lina mpira wake wa kuzilinda.

Tiba kamili ni kuweka rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Kwenye tumbo lake utaona namba. Namba 30 inapokea umeme kutoka kwenye betri kwa waya mnene, wa milimita za mraba 2.5. Namba 87 inaupeleka kwenye taa. Namba 86 inapokea waya wa zamani uliotoka kwenye swichi ya dimu, na namba 85 inakwenda ethi. Swichi kongwe sasa inabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja, badala ya ampea 10 za taa mbili za wati 60. Kila rilei iwe na fyuzi yake ya ampea 15 karibu na betri. Ya fulu ikikatika, utabaki na dimu za kukufikisha nyumbani. Kama gari lako ni la chanya kwenye mwili, nunua rilei isiyo na diodi ndani.

Nimalizie na balbu zinazosifiwa sokoni. Balbu mbili za wati 100 zinavuta ampea zaidi ya 16, na swichi ya mwaka 1965 haikuumbwa kwa mzigo huo. Harufu aliyoisikia mzee wetu ilikuwa swichi ikilia. Balbu za LED nazo zinavuta umeme kidogo, lakini ndani ya kioo kilichochongwa kwa ajili ya uzi wa balbu mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, na ukiwa na gari la chanya kwenye mwili huenda zisiwake kabisa. Balbu ya kawaida iliyopewa volti zake zote inatosha. Za mzee zilipofikishiwa volti 12 kwenye pini, hakuhitaji kununua kitu kingine.

Ukishamaliza, rudisha waya wa betri wa mwili wa gari mwisho, urudi kwenye ukuta na alama zako za chaki, uone kama mwanga unapiga pale pale. Kisha mwombe mtu asimame mbele ukiwa kwenye dimu, akuambie kama inamchoma macho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Skrubu moja ya ethi ni ufa. Chagua Jumamosi moja asubuhi, uwe na msasa, spana na mita, uzibe ufa wako mapema, maana aliye kando ya barabara usiku hana njia ya kukuzibia.

Ndugu msikilizaji, hadi juma lijalo, nakutakia safari njema.